Tusisubiri kidole kifike Mtwara

Kijana mmoja wa Masasi, mwendesha bodaboda, alinitumia video saa sita usiku. Nukta nyeupe inakwenda kushoto, inarudi kulia, kinanda kinalia taratibu kwa nyuma, na maandishi yanasema: kumbuka tukio lililokuumiza, fuata nukta kwa macho, dakika 10 tu. Chini yake akaandika, "Kaka, hii kitu ni ya kweli?" Alikuwa ameshaifuata mara tatu. Miezi mitano nyuma lori lilimpitia abiria wake kwenye barabara ya Ndanda, yeye akatoka na michubuko. Kabla ya video alikuwa akiiota ajali ile siku moja moja. Usiku wa video hakulala kabisa. Alikaa kitandani mgongo ukutani, na kila gari lililopita barabarani alisikia breki za lile lori.

Nilimjibu kwamba kitu chenyewe ni cha kweli, video ndiyo ya uongo. Jibu halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha.

Kitu chenyewe kinajulikana kwa herufi EMDR. Kwa lugha yetu tuite tiba ya kiwewe kwa mwendo wa macho. Mwasisi wake ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, mawazo mabaya yakimzonga, akatambua kuwa macho yake yanakwenda upesi huku na huku na mawazo yanapungua makali. Miaka miwili baadaye akachapisha utafiti wake wa kwanza. Wataalamu wengi walimbeza, na sioni ajabu: mtu anapitisha vidole mbele ya uso wa askari aliyetoka Vietnam na kusema anamtibu vita. Hata bibi yangu, aliyeamini mambo mengi, hapo angeuliza swali la pili. Lakini majaribio yalifuatana, watu wakapata nafuu, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii pamoja na ile ya kubadili fikra na mwenendo kuwa ndizo za kupendekezwa kwa mtu ambaye kiwewe kimemganda.

Ninasema "kimemganda" kwa makusudi. Kiswahili kina neno kiwewe, ila mara nyingi tunalitumia kwa saa ileile ya tukio: nyumba inaungua, mtu kaingiwa na kiwewe, kakimbia na mto badala ya mtoto. Kile kinachobaki mwaka mzima baadaye hatuna jina lake moja lililozoeleka. Mmoja atasema ana jini, mwingine atasema moyo unamwenda mbio, wa tatu ataambiwa ni presha na kupewa vidonge vya presha. Mke atasema tu mume wangu siku hizi mkali. Ndoto zinazojirudia, kushtuka kwa kishindo kidogo, kuikwepa njia iliyopita tukio, kuhisi kana kwamba jambo linatokea sasa hivi hapa sebuleni: hayo yakipita mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake, hapo pana ugonjwa wenye tiba. Watu wengi wanaopatwa na makubwa hupona wenyewe, kwa ndugu, kwa swala, kwa muda. Ninaowazungumzia ni wale wasiopona.

Sasa, ndani ya chumba cha tiba hiyo kuna nini? Kuna hatua 8, na vidole havionekani hadi hatua ya nne. Kwanza mtaalamu anasikiliza historia ya mtu. Kisha anamfundisha namna ya kujituliza, kwa sababu huwezi kumwingiza mtu kisimani bila kumfunga kamba. Kisha wanachagua picha moja iliyo mbaya kuliko zote, na mgonjwa anaipa alama kutoka 0 hadi 10 kwa jinsi inavyomuumiza. Ndipo anaambiwa aishike picha hiyo kichwani huku macho yakifuata vidole, kushoto kulia, kama nusu dakika. Wanasimama. "Umeona nini?" Anajibu kwa maneno machache, wanaendelea. Kikao kimoja huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu, na vikao huwa kadhaa. Alama ile ya 9 inashuka hadi 5, hadi 2. Kumbukumbu haifutiki. Inabaki, ila inakuwa kumbukumbu, jambo lililopita.

Kwa nini macho? Hapa ndipo ugomvi ulipo. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wameonyesha kwamba kichwa kina meza ndogo ya kufanyia kazi. Ukiweka juu yake picha ya ajali na wakati huohuo ukalazimika kufanya jambo jingine linalodai akili, picha inakosa nafasi, inafifia, na inaporudishwa ghalani inarudi ikiwa imefifia. Mcheza bao ananielewa: jaribu kuhesabu kete utakazozungusha huku mtu anakusimulia msiba. Kimoja kitaharibika. Macho yanafanya kazi hiyo, lakini hata kuhesabu kinyumenyume kunafanya.

Halafu kuna swali la kama vidole vinahitajika kabisa. Mwaka 2001 uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi ulikuta kwamba ukiyaondoa macho, tiba inaponya vilevile. Mwaka 2013 uchambuzi mwingine ukakuta kwamba macho yanaongeza nafuu. Wenye tiba wanashangilia wa pili, wapinzani wanaushikilia wa kwanza. Mimi nasoma zote mbili hivi: sehemu kubwa ya dawa iko katika kuirudia kumbukumbu kwa mpangilio, mahali salama, ukiwa na mtu anayejua kukusimamisha ukizidiwa. Kidole ni msaada juu ya hapo. Ndiyo maana ile video ilimdhuru kijana wangu. Ilimpa kidole, ikamnyima mtu. Ilimfungulia ajali saa sita usiku na hakukuwa na wa kuifunga.

(Na tafadhali, asitoke mtu hapa akaandika mradi wa kutibu kiwewe kwa kubangua korosho kwa sababu mikono inakwenda kushoto kulia. Nimeshaona maandiko ya miradi, ninajua tunakoweza kufika.)

Kusini tuna sababu zetu za kulijali jambo hili. Mei 2013, wakati wa mzozo wa bomba la gesi, Mtwara mjini watu walikufa na nyumba zilichomwa, na wapo watoto wa wakati huo, leo watu wazima, ambao bado hawapendi kusikia gari la polisi likifunga breki. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kuna vita. Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka maji: washambuliaji waliingia kijiji cha Kitaya, wakaua, wakachoma. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, watu walikimbilia upande wetu, na wengi wao ni ndugu zetu hasa, Wamakonde wa mto mmoja. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Kilwa na kuacha familia zimezingirwa na maji. Bado sijataja bodaboda, baruti ya wavuvi, wala yale yanayofanyika ndani ya nyumba zenye milango iliyofungwa, ambayo nadhani ni mengi kuliko yote.

Pale Feri ya Mtwara, wanapopandia watu wa Msangamkuu, kuna mama anayekaanga samaki. Ni mtu wa vijiji vya kule mtoni Ruvuma. Nimekula kwake miaka miwili bila kujua lolote. Mwaka jana mwezi wa saba, watu walipokuwa wakisafisha mashamba ya mikorosho na kuchoma takataka, mtu mmoja jirani na Feri naye akachoma makuti makuukuu ya banda lake. Moshi ukaja upande wetu. Mama akaiacha karai jikoni, mafuta yanachemka, akaenda kusimama ndani ya maji, maji ya magotini, kanga imelowa, anatazama ng'ambo. Nilizima jiko, nikamfuata.

"Mama, kulikoni?"

"Makuti, mwanangu. Yakiungua yana harufu yake."

Hakuongeza neno siku ile. Samaki waliungua, akawatupia paka. Baadaye nilijua kwamba kila mwaka msimu huo hufunga biashara wiki mbili au tatu, na watu wanasema kaenda kwao kwenye unyago. Hajaenda popote. Amejifungia ndani, amepachika matambara chini ya mlango.

Huyo mama tumpeleke wapi? Ukisikiliza wenye kusifu tiba ya macho, jibu ni Dar es Salaam, kama atampata mtaalamu aliyefunzwa, na kama atakuwa na nauli ya kilomita zaidi ya 550 kila wiki, na kama mtaalamu atajua kwamba Kiswahili ni lugha yake ya pili na mambo ya usiku ule wa moto ameyahifadhi kwa Kimakonde. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, wanasaikolojia wa tiba wachache zaidi, na wengi wako mijini. Hospitali za Ligula, Mtwara, na Sokoine, Lindi, zina huduma ya afya ya akili, na wanaoitoa ninawavulia kofia, lakini foleni yao ni ya kifafa, ya wanaosikia sauti, ya vijana walioharibiwa na bangi na pombe. Saa moja na nusu kwa mgonjwa mmoja, wiki hadi wiki? Muulize muuguzi wa zamu, acheke.

Kuna wanaosema basi tutumie simu. Tiba hii hutolewa pia kwa njia ya video, na kwa mwalimu wa sekondari Nachingwea mwenye chumba chake na bando inaweza kufaa. Kwa mama wa Feri, anayeishi nyumba ya kupanga ambako ukuta haufiki darini na jirani anasikia hata ukikohoa, haifai.

Kwa hiyo hoja yangu: tukisema "hatuna EMDR" tusidhani tumesema "hatuna tiba". Kile kinachofanya kazi ndani ya tiba ile kimeshajaribiwa kwa njia nyingine, karibu na kwetu, na watu wasio madaktari.

Mfano ninaoupenda ni wa kambi ya Nakivale, Uganda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wakimbizi wenyewe walifunzwa kwa wiki 6, kisha wakawahudumia wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia walioganda na kiwewe. Watu 277 waliingia kwenye jaribio. Kundi moja lilipata tiba ya masimulizi, vikao 6. Baadaye takriban watu 7 kati ya 10 wa kundi hilo hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, wakati kwa waliofuatiliwa tu bila kupewa tiba walikuwa chini ya 4 kati ya 10. Sitaki kuficha sehemu isiyopendeza hadithi yangu: kundi la tatu, lililopata ushauri wa kawaida kutoka kwa wakimbizi haohao waliofunzwa, nalo lilipona karibu sawa. Ila kwenye ushauri wa kawaida waliokatisha njiani walikuwa wengi zaidi. Mimi naona kwamba kuwa na mtu aliyefunzwa kulibeba uzito mkubwa, na mpangilio ukawafanya watu wabaki.

Tiba hiyo ya masimulizi ingemfaa mama wa Feri kuliko vidole. Inaanza na kamba sakafuni. Kamba ni maisha, kutoka kuzaliwa. Mtu anaweka ua penye jambo jema na jiwe penye jambo baya: ua la kuchezwa ngoma, jiwe la njaa, ua la mtoto wa kwanza, jiwe kubwa la usiku ule. Kisha vikao vinavyofuata anasimulia, jiwe kwa jiwe, kwa utaratibu wa saa na mahali: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini, ulinusa nini, moyo ulifanya nini, na sasa hivi unaponisimulia moyo unafanya nini. Msikilizaji anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, wanasahihisha. Mwisho mtu anaondoka na simulizi ya maisha yake ikiwa imeandikwa. Jiwe halikutolewa, ila limepata mahali pake kwenye kamba, lina kabla na lina baada. Watu wa kusini tumekuzwa kwa masimulizi, wala kamba ya ukili haihitaji kuagizwa kutoka bandarini.

Kwa watoto tuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Mradi wa Pamoja Tunaweza uliwachukua watoto 640 waliofiwa na mzazi, Moshi kwetu na Bungoma kwa jirani zetu Kenya. Waliotoa tiba hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walifunzwa na kusimamiwa. Watoto wakakaa kwa makundi vikao 12, walezi nao wakikaa kikao chao. Matokeo yalitoka mwaka 2020: katika maeneo 3 kati ya 4 watoto wa kundi la tiba walipata nafuu kuliko wenzao. Eneo la nne, ambako tofauti haikuonekana, lilikuwa vijijini Tanzania. Hilo linanikera na ndiyo sababu ninalitaja. Kitu kilichofanikiwa Bungoma hakiji Newala na kufanikiwa kwa sababu tu kimeandikwa kwa Kiswahili. Kinahitaji kujaribiwa Newala.

Zipo njia nyepesi zaidi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 wa kukabili matatizo, ambao Nairobi ulitolewa na wahudumu wa afya wa jamii kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia, na ukapunguza dhiki. Zimbabwe wana benchi la urafiki, bibi anakaa nje ya zahanati na anakusikiliza kwa utaratibu aliofunzwa. Nayapenda yote mawili. Lakini tuwe wakweli: yanapunguza msongo, sonona na dhiki ya kila siku, hayakubuniwa kumtoa mtu ndani ya kumbukumbu. Kwa wengi yatatosha. Kwa mama aliyesimama majini hayatatosha peke yake, na mhudumu ajue hivyo ili asimlaumu mgonjwa kwa kutopona.

Wakati huohuo kuna mambo mawili tunayo tele, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni vidonge vya usingizi. Mtu kafiwa, hajalala siku tatu, duka la dawa linampa diazepamu bila hata kuuliza. Miongozo ya kimataifa inasema wazi dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hazizuii ugonjwa, na mtu huzizoea haraka. Dawa zipo zinazosaidia pale tiba ya mazungumzo isipopatikana, fluoksetini kwa mfano, lakini hizo huandikwa na daktari na hunywewa miezi, si usiku mmoja.

La pili ni semina. Nilihudhuria moja, sitaitaja iliandaliwa na nani. Siku 2, hoteli, fulana, posho, chai yenye sambusa mbili. Mwezeshaji akawapanga watu 40 duara, wa kutoka vijiji tofauti, akasema kila mmoja aeleze jambo baya kuliko yote aliyoyaona, "tuyatoe, tupone". Mwanamke wa tatu alipofika kwa mwanawe hakuweza kuendelea. Mwezeshaji akapiga makofi, "mpeni maua yake!", akapita kwa anayefuata. Kulazimisha watu kumwaga yote kikao kimoja kumechunguzwa miaka mingi, na imeonekana hakuzuii ugonjwa, wengine huzidi. Siku za mwanzo baada ya janga mtu anahitaji usalama, chakula, kuwapata ndugu zake, na mtu wa kumsikiliza akitaka mwenyewe kusema. Ile ya kamba na mawe ni jambo jingine: inakuja baadaye, inakwenda polepole, na mtu anayekufungua leo ndiye atakayekuwapo wiki ijayo.

Fedha za semina ile moja, kwa hesabu yangu ya kijiweni, zingewalipia wahudumu wa jamii kadhaa mafunzo ya wiki 6, na nauli ya msimamizi kutoka Ligula mara moja kwa mwezi. Msimamizi ndiye anayesahaulika. Bila yeye, mhudumu anayesikiliza mawe ya watu kila siku anaanza kuota ndoto zao. Wataalamu wachache tulio nao wangefaa zaidi kazi hiyo, ya kuwashika wanaoshika wengine, kuliko kutibu mmoja mmoja huku mkoa mzima unasubiri.

Yule kijana wa Masasi nilimwomba aifute video, aache kuendesha usiku kwa muda, na aende hospitali ya misheni aliyokuwa akiipita kila siku. Alipata tabibu aliyemsikiliza. Bado anazunguka njia ya mbali kuikwepa sehemu ile, ila siku hizi analala.

Kuhusu mama, nilikwenda kuzungumza na muuguzi wa zahanati ya jirani, dada mwenye miaka mingi kazini. Nilimweleza habari za Nakivale, kamba, maua, vikao 6. Alinisikiliza hadi mwisho huku anapanga kadi za kliniki.

"Kaka, mafunzo nitakwenda hata kesho," akasema. "Ila angalia hapa."

Chumba ni kimoja. Upande huu mizani ya watoto, upande ule kitanda cha kuzalisha, katikati pazia la kitenge lililoning'inizwa kwenye waya. Nje ya dirisha watu kumi na tano wamekaa kwenye benchi, wanasikia kila neno.

"Kuna stoo kule nyuma, ina maboksi ya salfa ya mikorosho ya kijiji. Yakitoka yale, nikawekewa mlango wenye kitasa, huyo mama mlete."

Maboksi yalitolewa wiki mbili zilizopita. Fundi amekuja, amepima fremu, anasubiri mbao.